Jiwe Mgongoni, Mtoto Kifuani

Siku ya kuniaga kazini mlinipa saa ya ukutani, mkanipigia makofi, kisha mmoja wenu akasimama na kuniita "mpiga picha wa vita". Sikusema kitu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa keki imekwisha na muda ninao wa kumwaga, kwa hiyo nawaandikia. Mimi sikuwa mpiga picha wa vita. Nilikuwa mpiga picha za maharusi na za watoto waliokalishwa kwenye stuli, na vita vikanikuta hapo hapo Thika nikiwa na kamera ya tajiri wangu shingoni. Wapiga picha wa vita ni wale waliokuja kwa ndege, wakalala hotelini Nairobi, wakapiga picha ya mtu aliyefungwa kamba, wakaenda zao. Sisi tuliobaki tulikuja kukutana na yule mtu wa kamba sokoni, akiwa na mkewe, tukasalimiana na kuulizana bei ya viazi.

Mliniomba niandike mambo ya kazi yatakayowafaa. Mkitaka kujua nilipanda cheo lini, ulizeni ofisini, wao ndio wanaopenda mambo hayo. Mimi nimefungua boksi langu la negativu hapa nyumbani Kamenu, nimezishika moja moja dirishani, na zimenipandisha mori upya, kwa umri huu ambao daktari ameniambia nisikasirike. Nitaandika nikiwa na hasira. Mtanivumilia.

Nyumbani kwetu nilikozaliwa ni mashariki ya Thika, upande wa Wakamba. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mkata mkonge, na alitaka niwe mwalimu. Badala yake niliingia kwenye duka la Bwana Lalji karibu na stesheni ya reli, nikiomba kazi yoyote. Lalji alikuwa Mhindi mwembamba mwenye kikohozi, na mikono yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Alinitazama kucha kabla ya kunitazama uso. Kisha akanipa trei za kuosha, nikaosha trei hizo mpaka nikaanza kuziota. Kamera sikuiona kwa karibu kwa muda mrefu. Siku aliponiruhusu kuigusa, aliniambia nikanawe kwanza, nikanawa, akasema nikanawe tena.

Duka lilikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, maua pembeni, na juu ndege inayopaa. Sijui ndege ilikuwa inafanya nini ndani ya nyumba ya watu, lakini wateja waliipenda. Chumba cha giza kilikuwa stoo ya makaa ya zamani, na Lalji alikuwa ameziba kila ufa kwa matambara. Ukipiga chafya humo ndani, vumbi la makaa linashuka juu ya picha ya bibi harusi, na bibi harusi anatoka na madoa usoni. Hiyo ndiyo shule niliyosomea.

Lalji alinifundisha mambo mawili ambayo nyinyi mnayaona ya kizamani. La kwanza ni kupiga kila kitu mara mbili. "Filamu iko mwongo," alisema. "Leo nasema ndiyo, kesho naharibika. Piga moja ya kuuza, moja ya kukaa hapa kwa duka." La pili ni kutokata watu. Wakati mmoja tulimkata shangazi wa bwana harusi kwenye picha ya familia, kwa sababu alisimama mwisho wa mstari na picha ikawa pana kuliko fremu. Ukoo mzima ulihamia dukani. Shangazi mwenyewe alikaa kwenye stuli ya watoto, akasema haondoki mpaka arudishwe kwenye harusi. Lalji aliichapisha upya kwa gharama yake, na jioni akanigeukia mimi, ingawa aliyeshika mkasi ni yeye. "Mtu amevaa nguo mzuri, amekuja, amesimama. Wewe nani kumutoa?"

Kamera tuliyotumia kazi za nje ilikuwa ile ya macho mawili, inayoning'inia tumboni. Unaitazama kwa juu, umeinamisha kichwa kama mtu anayeombea chakula. Vijana wa siku hizi mnaicheka, lakini ilikuwa na faida moja kubwa. Mtu anayepigwa hakuoni ukimkodolea macho, hajui umebonyeza saa ngapi, na watu wenye bunduki hawapendi kukodolewa macho. Nadhani nimefika umri huu kwa sababu ya kamera iliyonilazimisha kuinama.

Hali ya Hatari ilipotangazwa, duka la Lalji lilijaa kuliko siku za Krismasi. Serikali ya wakoloni, iliyokuwa ikipigana na wapiganaji wa Kikuyu waliojificha msituni, ilitaka kila Mkikuyu mtu mzima awe na kitambulisho chenye picha, na picha ionyeshe masikio yote mawili. Sijapata kuelezwa mpaka leo masikio yalikuwa na kosa gani. Akina mama wa kanisa, wanawake ambao hata watoto wao walikuwa hawajawaona bila kitambaa kichwani, walipangwa mbele ya lile pazia la ndege, na askari wa mlangoni akawaambia watoe vitambaa. Wengine walitoa huku machozi yanawatiririka, nami nikabonyeza, kwa sababu asiyekuwa na picha hakuwa na pasi ya kutembea, na asiyekuwa na pasi alilala selo. Mkiziona picha hizo kwenye vitabu, msiandike chini yake kwamba mwanamke anaonekana mwenye huzuni. Hakuwa na huzuni, alikuwa anavuliwa nguo mbele ya watu.

Halafu akaja afisa mmoja Mzungu aliyekuwa na kazi ya kutoa habari njema za serikali. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Bwana Penseli, kwa sababu alitembea na penseli nene nyekundu mfukoni, ya kuwekea alama kwenye picha, wapi ikatwe na wapi iachwe. Aliingia dukani, akaniuliza kabila.

"Mkamba, bwana."

"Mkamba mzuri," akasema. "Kikuyu hapana. Wewe kuja na mimi."

Akamwambia Lalji ananiazima. Lalji angemkatalia vipi? Leseni yake ya duka ilitoka ofisi zile zile. Kwa hiyo niliajiriwa vitani kwa sababu ya mahali nilipozaliwa, na nikazunguka naye kwenye Landirova kuanzia Thika hadi Ruiru na kwenye miinuko yote ya juu yake, ambako watu walichomewa nyumba zao wakarundikwa pamoja kwenye vijiji vyenye mtaro na nyaya za miiba.

Nilipiga picha za maiti zilizolazwa barabarani siku ya soko ili watu wapite wakizitazama. Nilipiga majivu ya nyumba. Zimo humu kwenye boksi, na sitawaelezea, maana najua mtakachofanya: mtatoa macho, mtasikitika, kisha mtakwenda kula. Na tena zile si ndizo zilizoniudhi zaidi. Maiti haikudanganya mtu. Zilizoniudhi ni picha nzuri, zile ambazo Penseli alizitafuta tukirudi ofisini, akizipitia huku anapiga mluzi.

Sasa nifike kwa Wairimu, maana kwa kweli ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Asubuhi moja tulifika kijiji kimoja cha juu ya mto Ruiru. Wanawake walikuwa wametolewa nje wote kubeba mawe kutoka machimboni, wapande nayo mlima kwenda kujenga kituo cha mahomgadi, yaani wale Wakikuyu waliopewa bunduki na serikali wawalinde Wakikuyu wenzao, na mara nyingi kuwalinda maana yake ilikuwa kuwachapa. Mwanamke wa Kikuyu hubeba mzigo mgongoni kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, na mtoto naye hubebwa mgongoni. Lakini mgongo ni mmoja. Kwa hiyo Wairimu alikuja akipanda na jiwe mgongoni, ameinama mpaka karibu apige magoti, na mtoto amemfunga kifuani kwa shuka, uso umeangalia mbele. Mtoto alikuwa na macho yaliyolegea na midomo iliyokauka. Hata mimi niliyekuwa sijaoa niliona ni mgonjwa.

Njiani alisimama homgadi mmoja mrefu, koti jeusi refu, kofia, bunduki begani. Wairimu akasimama mbele yake, jiwe likiwa bado mgongoni. Walianza kwa Kikuyu, na Kikuyu si mbali na Kikamba, kwa hiyo nilielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

"Kiarie, mtoto ana moto. Nipe pasi nimpeleke hosipitali Thika."

"Maliza mawe kwanza."

"Usiku mzima hakunyonya. Kiarie, mwangalie. Huyu si ni baba yako?"

Hapo nilielewa kwamba ni shemeji yake. Mume wa Wairimu alikuwa kizuizini, amechukuliwa zamani, na huyu Kiarie ni ndugu wa huyo mume, tumbo moja. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na sisi Wakamba tuna desturi kama hiyo. Mzee wao aliitwa Mbugua, na mtoto akaitwa Mbugua. Mtoto wa aina hiyo, ami zake humwita "baba", wanamletea ndizi, wanamtania kwamba hajawapa ng'ombe wao wa urithi. Si mzaha mtupu. Ni heshima.

Kiarie alimtazama mtoto. Akanyoosha mkono akamgusa utosini, tena kwa upole, hilo siwezi kumnyima. Akasema, "Baba, vumilia kidogo." Kisha akamwambia Wairimu, "Songa."

Nilikuwa nimeinama kwenye kamera. Nilibonyeza mara mbili, kama nilivyofundishwa. Wairimu akasonga.

Mchana, kwenye meza yake, Penseli aliishika ile picha akafurahi kweli kweli. Jua lilikuwa limemwangukia Wairimu vizuri, shingo imenyooka kwa ajili ya ukanda, na ukiwa hujui, unaona mama shupavu anayepanda mlima. Penseli akachora mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Kiarie, koti, bunduki, vyote vikabaki upande wa nje.

"Hii mtu hapana taka. Kata. Hii mama mzuri sana. Mama nguvu."

Nilimwambia, "Bwana, yule mtoto ni mgonjwa. Alikuwa anaomba pasi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu. "Picha hapana gonjwa," akasema, na akaendelea kupiga mluzi.

Nimefanya kazi na watu wengi wabaya tangu siku hiyo, wengine wao wa rangi yangu, na wengine mmewaona wenyewe kwenye sherehe yangu wakinishika mkono. Lakini sijasikia neno lililonichoma kama hilo. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka nikaweza kufungua ngumi.

Picha ilichapishwa kwenye karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, zikisema mama wa Ruiru anajenga kijiji chake kwa mikono yake. Kabla karatasi hazijafika Ruiru, mtoto alikuwa amezikwa. Pasi ilitolewa mawe yalipokwisha, na mtoto hakungoja mawe yaishe. Niliambiwa na dereva wetu, aliyekuwa na dada yake kijijini humo. Nilimwambia Penseli pia, kwa sababu nilitaka ajue. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli kwa muda wa kuwasha sigara.

Moja ya karatasi hizo ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, mahali ambapo wanawake walipanga foleni kila asubuhi kugawiwa kazi. Fikirieni jambo hilo, nyinyi mnaosema picha ni sanaa. Wairimu alisimama kwenye foleni kila asubuhi, na mtoto wake aliyemzika alikuwa ukutani anamtazama, na chini yake pameandikwa maneno ya kumsifu mama. Hakuwa na picha nyingine ya mtoto huyo. Nani angekuwa nayo? Asubuhi moja alitoka kwenye mstari, akaenda akaichana karatasi, akachukua kile kipande cha uso akakitia kifuani ndani ya nguo. Walimpiga kwa kuharibu mali ya serikali. Aliyetumwa kumnyang'anya kile kipande ni Kiarie, na akamnyang'anya.

Hayo ya karatasi niliyasikia kwake mwenyewe, miaka ilipopita kidogo na watu wakaanza kuruhusiwa kusafiri kwenda Thika bila kutetemeka. Mimi nilikuwa nimerudishwa kwa Lalji. Mwanamke mmoja aliingia dukani, amejifunga kitambaa cheupe, kikapu mkononi, akasimama akiitazama ile ndege ya kwenye pazia. Sikumtambua mpaka alipogeuka, na hapo nikaona kovu la ukanda kwenye paji la uso.

"Wewe ndio ule mtu wa picha," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Wewe ndio ulipiga mtoto yangu."

Nilidhani amekuja kunilaani. Nikaitikia.

"Iko wapi?"

"Ile ya serikali wanayo wao, mama."

"Mimi siulizi ya serikali. Nataka mtoto. Nimetoka Ruiru na miguu. Hata kama ni kidogo hivi," akaonyesha ukucha wake. "Naanza kusahau pua yake. Usiku nakumbuka macho, nakumbuka mdomo, lakini pua inapotea. Haiya, mama gani anasahau pua ya mtoto?"

Negativu ya pili nilikuwa nayo. Niliikata kwenye mkanda wa filamu siku ile ile tulipousafisha, nikaileta dukani, na ilikuwa kwenye droo pamoja na maharusi. Lakini ilikuwa ni kazi ya serikali, iliyopigwa kwa filamu ya serikali, na Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Watu walifungwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilimgeukia Lalji. Alikuwa amesikia yote, anajifanya anafuta kioo. Angenikataza nisingemlaumu, maana duka ni lake na watoto wa kulisha ni wake.

Lalji alikwenda akafunga mlango wa mbele, akageuza kile kibao kinachosema tumekwenda kula. Ilikuwa saa nne asubuhi. "Dawa iko yangu," akasema. "Karatasi iko yangu. Hii serikali nalipia maji?" Akakohoa, akanifungulia stoo.

Nilimruhusu Wairimu aingie nami. Si kawaida kumwingiza mteja chumba cha giza, lakini nilifikiri asipoona kwa macho yake anaweza kudhani nimemchagulia picha ya mtoto mwingine. Alisimama karibu na trei, chini ya ile taa nyekundu, ameshika kikapu kwa mikono yote miwili. Kama mnavyojua, weusi ndio hutangulia kutokeza kwenye dawa. Kwa hiyo aliyetangulia kutokea alikuwa Kiarie, koti lake lote, kisha bunduki, kisha kivuli cha jiwe. Nilisikia Wairimu akivuta pumzi. Niliona aibu kama kwamba nimemwalika mtu huyo mwenyewe. Halafu polepole zikaja nyusi za mtoto, macho, na mwisho kabisa ile pua.

Hakulia. Aliinama mpaka kitambaa chake kikakaribia kugusa dawa, akasema kwa Kikuyu, "Ni wewe." Akarudia tena. Mimi ndiye niliyelia, na sioni haya kuwaambia.

Ikiwa bado imelowa, nilimwambia kwamba ninaweza kuichapisha nyingine bila yule shemeji. Ninaweza kutoa hata jiwe, nikaacha yeye na mtoto tu, kama picha ya studio. Nilidhani ninamfanyia wema. Aligeuka akanikazia macho.

"Kwa nini unataka kukata? Nyinyi watu wa picha munapenda kukata sana. Sikiliza. Kama si hii jiwe, mtoto angekuwa mgongo, kama siku zote. Wewe ungepiga kitambaa tu. Uso yake niko nayo kwa sababu ya jiwe. Na jiwe niko nayo kwa sababu ya huyu hapa." Akamgusa Kiarie kwa ncha ya kidole. "Wacha wote."

Nikawaacha wote. Lalji aliikausha na kuinyoosha mwenyewe, akaitia kwenye fremu ya harusi yenye maua ya bati pembeni kwa sababu hatukuwa na nyingine, na alipoulizwa bei akajifanya kiziwi.

Baadaye mume wa Wairimu alirudi kutoka kizuizini, amekonda na hasemi sana. Kiarie naye hakukonda. Mashamba yalipokuwa yanapimwa upya, waliokuwa kizuizini hawakuwepo kusema mpaka wao uko wapi, na waliokuwepo walisema kwa niaba yao. Kiarie akawa na shamba pana linaloshuka mpaka mtoni, akawa mzee wa kanisa, akawa mtu wa kusimamia harambee na kupatanisha ndugu waliogombana. Ndugu mmoja kwa bunduki ya serikali, mwingine kwenye nyaya za miiba, na sasa wanaambiwa washikane mikono kanisani na kuimba. Walishikana. Mimi siwalaumu walioshikana, ninawalaumu waliowapangia wimbo.

Nyumbani kwa Wairimu ile picha ilitundikwa sebuleni, juu, imeinamia mbele kidogo kama tunavyotundika sote, ikitazamana na kiti cha wageni. Shemeji akija, ndicho kiti chake. Wairimu alimpa chai, akamuuliza habari za nyumbani, akamwacha akae. Mumewe mara moja alimwomba aishushe kwa ajili ya amani, naye akamjibu kwamba picha haijamzuia mtu kunywa chai.

Basi siku moja Kiarie akaja dukani. Koti lilikuwa jingine, la kijivu, na kofia mkononi. Mwanzo aliongea kwa sauti ya mikutano. Alisema ile filamu inaleta fitina kwenye boma, na mimi kama Mkristo niichome. Nilimjibu kwamba mimi ni Mkristo na sichomi. Akasema anajua watu ofisini. Nilimwambia awasalimie. Hasira yangu ilikuwa imengoja muda mrefu na ilifurahi kupata kazi.

Halafu akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa, na sauti ya mikutano ikamtoka.

"Unajua baba yetu hakupigwa picha hata siku moja? Alikufa kabla ya hizi vitu kuja kwetu. Na ule mtoto alikuwa yeye kabisa. Paji la uso, masikio, yote. Watu wote walikuwa wanasema hivyo." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikatie mtoto. Mtoto peke yake. Hutasikia jina yangu tena."

Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi, maana nilijua ni nani alikuwa na haki ya kuitoa, na hakuwa mimi. Nilimwambia picha ni ya mama wa mtoto, nitamuuliza yeye. Wairimu alipokuja sokoni na viazi vyake, nilimweleza kila neno, mpaka yale ya paji la uso na masikio. Alipanga viazi, vikubwa mbele.

"Ni kweli," akasema. "Alifanana na mzee. Mupatie. Lakini mtoto hakuwa peke yake. Alikuwa na mimi, na alikuwa na yeye. Mwambie hivyo. Akitaka, achukue yote."

Nikaichapisha nzima, kwa karatasi nzuri, na Kiarie aliporudi nikampa ujumbe kama ulivyo. Aliichukua picha kwa mikono miwili akasogea nayo mlangoni penye mwanga. Nilimwona akiweka kidole gumba pembeni, polepole, mpaka kikafunika koti, kofia na bunduki. Akasimama hivyo anamtazama mtoto, midomo inacheza, na nadhani alikuwa anamwita baba.

"Toa kidole," nilimwambia.

Hakutoa. Nilimpa nafasi, nikamwambia tena, naye akabonyeza zaidi mpaka karatasi ikaanza kujikunja. Nikamnyang'anya. Alikuwa mzee wa kanisa na mimi kijana wa duka, na nilimnyang'anya mkononi mbele ya wateja, nikairudisha kwenye droo nikaifunga kwa ufunguo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akipita nje ya duka kila alipokuja Thika, na ile picha ilikuwa humo ndani ikimngoja aje aichukue nzima.